Duka la kompyuta Malindi: ligeuke duka la televisheni?

Ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kiume, wamekosana juu ya ukuta. Ni ukuta wa kushoto ukiingia dukani kwao Malindi, kando ya Barabara ya Lamu, na kwa sasa umebeba laptopu za mtumba zilizotoka Ulaya, printa, chaja na katoni za wino. Mdogo mtu anataka rafu zote zishushwe, zitundikwe televisheni. Chini zipangwe sabufa, blenda na friji ndogo, na kabati la kioo la mbele lijazwe simu. Dada mtu, ambaye ndiye mshika daftari, hataki kusikia. Nimeitwa kama mtu wa tatu, nikapewa hesabu za duka nizisome, na wote wawili wamekubali nikiandike kisa chao mradi nisitaje jina la duka wala majina yao.

Mgogoro wao si mgeni duniani. Kampuni za kompyuta zenye mabilioni zimewahi kusimama mbele ya ukuta huohuo, na mdogo mtu anazijua kwa majina, tena ndizo anazozitolea ushahidi. Nitazifikia. Kwanza duka lenyewe.

Duka linakula wapi

Lilianza kama saiba, yaani duka la kulipia intaneti kwa dakika. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, intaneti ikaanza kushuka bei, na kadiri simu za mkononi zilivyozidi uwezo ndivyo saiba za pwani zilivyofunga milango. Hawa walinusurika kwa kugeuza viti vya wateja kuwa meza za fundi. Walitengeneza mashine za watu, wakaingia kuuza za mtumba, kisha wakaanza kuvuta nyaya za mtandao kwenye hoteli. Mdogo mtu huikumbusha historia hii kila mjadala unapopamba moto: "Dada, sisi tushageuka mara moja na hatukufa. Tungeng'ang'ania saiba leo tungekuwa wapi?"

Ni hoja nzito, na dada hana jibu lake la haraka.

Wateja wa leo ni wa aina tatu. Kuna hoteli na nyumba za wageni, za hapa mjini na za Watamu, nyingi zikiwa za Waitaliano. Hizi hazinunui mashine kila mwezi, lakini zinalipia kazi: mtandao usiofika vyumba vya nyuma, kamera za ulinzi zilizozima, kompyuta ya mapokezi iliyogoma mgeni akiwa amesimama na mizigo. Kuna shule na ofisi, zinazonunua kwa wingi na kulipa zinapojisikia. Na kuna mtu wa kawaida, mwanafunzi au mwalimu, anayenunua laptopu moja leo na kurudi baada ya miaka akiwa ameivunja skrini.

Nilipolipanga daftari kwa mafungu hayo, jambo moja lilijitokeza ambalo wenyewe hawakuwa wamelitazama hivyo. Mauzo makubwa yanatoka kwenye mashine. Faida kubwa inatoka kwenye mikono: ufundi, ufungaji, na zile safari za Watamu. Laptopu zenyewe, ukiondoa chache, zinabeba duka kwa jina tu. Ndizo zinazomfanya mtu ajue kwamba hapa pana watu wa kompyuta.

Kisha kuna masika. Wageni huja Julai na Agosti, wakarudi Desemba hadi Machi. Kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi hufunga au hupunguza wafanyakazi, na hakuna meneja anayetengeneza mtandao wa vyumba vitupu. Wazo la televisheni lilizaliwa mwezi Mei, duka likiwa kavu, na mdogo mtu akimwona jirani muuza vyombo vya umeme akipokea wateja mvua ikinyesha. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Huyu kijana hajaipenda televisheni. Amechoshwa na Mei.

Hesabu ya televisheni moja

Tuseme televisheni ya inchi 43 wanaipata kwa shilingi 25,000 na kuiuza 27,500. Faida ni 2,500 kabla ya nauli ya mzigo, kodi ya duka, na ile moja inayofika kioo kimepasuka na msafirishaji akaapa kwamba aliipokea hivyo. Fundi wao akitoza 2,500 kubadilisha skrini ya laptopu, amepata kilekile bila kufunga 25,000 ya mtu yeyote. Dada aliisema hoja hii kwa maneno yake: "Mdogo wangu, hiyo si biashara, hiyo ni kutundika pesa ukutani." Akajibiwa papo hapo: "Na hizi laptopu je, dada, zimetundikwa wapi?"

Kijana ana haki hapo. Faida ya kila kipande haitoshi kuamua. Lazima uangalie mzunguko. Shilingi 25,000 inayozunguka mara nne kwa mwezi ikileta 2,500 kila mara imeleta 10,000, na hakuna laptopu ya mtumba iliyokaa rafuni miezi mitatu itakayoifikia. Kwa hiyo swali halisi ni hili: nani atakayeuza televisheni nne wakati wengine wanauza moja?

Si wao, na sababu ni za kawaida kabisa. Mteja wa televisheni anajua anachotaka kabla hajaingia: inchi ngapi, jina gani, na bei ya Luthuli Avenue, Nairobi, iko kwenye simu yake. Hana swali ambalo fundi wa kompyuta atamjibu vizuri kuliko muuza duka mwingine. Kilichobaki ni bei, na bei nzuri ni ya anayenunua kwa kontena, au ya supamaketi inayoweza kuiuza televisheni bila faida kwa kuwa mteja ataondoka pia na unga na sabuni. Wengine wanaouza kwa wingi ni wale wa lipa mdogo mdogo, ambao faida yao haiko kwenye televisheni hata kidogo, iko kwenye mkopo. Duka letu halina kontena, halina unga, halina mkopo.

Mdogo mtu alisema atachukua mali kauli: tajiri wa jumla amwachie mzigo, amlipe akiuza. Inawezekana, na wengi pwani wameinuka hivyo. Lakini mali kauli haiondoi hatari ya bei kushuka mzigo ukiwa mkononi. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa karibu 130. Aliyejaza stoo Januari alikuwa na deni la bei ya juu, huku jirani aliyechelewa akiagiza mzigo uleule kwa bei nafuu na kuuza chini yake. Vifaa vya elektroniki vina tabia hiyo hata shilingi ikitulia, kwa sababu kila toleo jipya linashusha lililopo. Ukiwa mkubwa unalimeza pigo. Ukiwa duka la ndugu wawili, unauza kiwanja.

Halafu kuna bahari, jambo ambalo vitabu vya biashara havilitaji. Hewa ya chumvi inakula bodi za umeme, na umeme wetu wenyewe unapanda na kushuka. Laptopu ikirudi na ugonjwa, duka lina fundi, lina spea, lina mashine mbovu za kuchinja. Televisheni ikirudi kioo kimekufa, bei ya kioo kipya inakaribia bei ya televisheni nzima, na mteja hamtafuti mtengenezaji aliye China. Anakutafuta wewe, na pengine mnaswali msikiti mmoja.

Gateway walipotundika televisheni

Mwaka 1985 kampuni iitwayo Gateway ilianzishwa Iowa, Marekani, ikauza kompyuta kwa simu na kuzisafirisha kwenye maboksi yenye madoa ya ng'ombe. Ilikua mno. Ilifungua maduka yake, na maduka hayo yalikuwa na utaratibu wa busara: kwa miaka mingi hayakuweka stoo. Mteja aliingia, akashika mashine, akauliza maswali yake yote, akaagiza, na mashine ikamfuata nyumbani. Pesa ilitangulia, mzigo ukafuata.

Kisha vita vya bei na Dell, kampuni nyingine ya kompyuta, vikawachosha. Mauzo yaliyozidi dola bilioni 9 mwaka 2000 yalishuka hadi kama bilioni 3.4 mwaka 2003. Hali yao ilikuwa kama ya mdogo mtu mwezi Mei, ila kwa tarakimu zaidi. Mwishoni mwa 2002 wakatoa televisheni ya plazma ya inchi 42 kwa dola 2,999, bei iliyowashtua washindani kwa unafuu wake. Iliuzika. Wakafurahi, wakaongeza kamera, vicheza DVD na makumi ya bidhaa nyingine, na maduka ya kompyuta yakapangwa upya yafanane na sebule.

Ninaikumbusha hadithi hii kwa sababu ya kilichofuata, si kwa sababu televisheni zilikosa wanunuzi. Wenye viwanda vyao na wenye maduka makubwa zaidi walishusha bei nao, na Gateway, isiyotengeneza kioo hata kimoja, haikuwa na pa kushukia. Mwaka 2003 ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Mapema 2004 ikainunua eMachines, kampuni ya kompyuta za bei rahisi, ikamkabidhi mkuu wa eMachines usukani, na Aprili mwaka huohuo ikafunga maduka yake yote 188 yaliyokuwa yamebaki. Ikarudi kwenye kompyuta ikiwa imechoka, na mwaka 2007 Acer ya Taiwan ikainunua kwa dola milioni 710. Plazma yenyewe ilikufa: Panasonic, waliokuwa mabingwa wake, waliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2013.

Mdogo mtu aliposikia hayo alisema Gateway walikosea kwa kuchelewa. Sioni hivyo. Walipoingia, bei yao ndiyo iliyokuwa gumzo la mji. Walichokosa ni sababu ya mteja kurudi kwao baada ya bei kusawazishwa.

Dell nao waligusa moto huo. Mwaka 2003 waliondoa neno "Computer" kwenye jina la kampuni, wakaleta televisheni na kicheza muziki cha Dell DJ, na kufikia 2006 kicheza muziki hicho kilikuwa kimeachwa. HP walianza 2004 kuuza iPod ya Apple ikiwa na jina lao, wakaacha 2005. Na mwaka 2011 walitoa kompyuta bapa ya TouchPad, wakaisitisha baada ya siku 49. Nayataja kwa kupita tu, maana hawa walikuwa na ngozi nene. Walianguka wakainuka.

Apple, hoja ya mdogo mtu

Kijana ana Apple mdomoni muda wote, na anayemjibu kwa kucheka hamtendei haki. Mwaka 1997 Apple ilikuwa karibu kufilisika. Oktoba 2001 ikatoa iPod, kicheza muziki cha mfukoni. Januari 9, 2007, siku ileile iliyoonyesha iPhone, ilitangaza kwamba jina lake halitakuwa tena Apple Computer, Inc., bali Apple Inc. Leo simu ndiyo kitegauchumi chake kikuu. Kampuni ya kompyuta iligeukia vifaa vya nyumbani na mfukoni, ikatajirika. Nani atapinga?

Hakuna. Ila tazama mpangilio. Kabla ya iPod, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliporudi, Apple ilipunguza bidhaa, haikuongeza. Rundo la mashine lilifyekwa hadi zikabaki nne. iPod ya kwanza ilifanya kazi na kompyuta za Mac peke yake, na ya Windows ikaja mwaka uliofuata. Programu ya muziki ya iTunes ilitangulia iPod kwa miezi kadhaa. Duka la nyimbo likafunguliwa Aprili 2003. Kwa maneno mengine, walichouza nje ya kompyuta kilikuwa kimejaa kompyuta ndani, na ujuzi ulioifanya iPod iwe tamu ulikuwa ujuzi waliokuwa nao tayari: programu na chuma kushonwa na fundi mmoja. Hawakununua vifaa vya watu wengine na kuvipachika jina.

Hapo ndipo ulinganisho wa kijana unapovunjika. Akitundika televisheni ya Hisense au Samsung ukutani, hajafanya walichofanya Apple. Amefanya walichofanya Gateway, na bila hata jina lake kwenye boksi.

Dada alitaka nimpe mfano wa upande wake, nikampa IBM, ambao Desemba 2004 walitangaza kuiuzia Lenovo biashara ya kompyuta ndogo wakabaki kwenye huduma na mashine kubwa. Alifurahi kuliko nilivyotaka. IBM walikuwa na wateja wa mikataba ya miaka. Yeye ana meneja wa hoteli anayempigia simu mtandao ukikatika na kumsahau ukirudi.

Nilichowashauri

Rafu zisishushwe zote. Duka libaki la kompyuta, na kutoka ulimwengu wa elektroniki lichukue kile tu kinachohitaji mikono yao. Televisheni ya sebuleni haihitaji mikono hiyo. Televisheni 20 za nyumba ya wageni ya Watamu zinaihitaji sana: zifungwe ukutani, zipate intaneti chumba hadi chumba, akaunti ya mgeni aliyeondoka isibaki wazi kwa anayeingia, na dhamana isomwe kabla ya kununua, kwa sababu mara nyingi dhamana ya televisheni ya nyumbani haikubali matumizi ya hoteli. Supamaketi haitaifanya kazi hiyo. Jirani muuza vyombo vya umeme hawezi. Vivyo hivyo kamera za ulinzi, na betri na inveta za kushikilia mtandao umeme ukipotea.

Kwa mteja wa mtaani niliwaambia watundike televisheni mbili tu, za kuonyesha. Anayetaka alipe sehemu kubwa kwanza kwa M-Pesa, mzigo uagizwe Nairobi au Mombasa, uje kwa basi. Ni ule utaratibu wa zamani wa Gateway, kabla hawajauacha. Mauzo yatakuwa machache. Mtaji hautalala.

Kuhusu Mei, nilitumia muda mrefu zaidi na dada kuliko na mdogo wake, maana uvivu uko upande wa dada. Hoteli zinapofunga ndipo vyumba vinapoingilika na dari zinapofungulika. Mkataba wa matengenezo wa mwaka, unaolipwa kidogo kila mwezi na kazi yake kubwa ikipangwa wakati wa masika, ungepaswa kuwa mezani kwa kila meneja tangu Februari, msimu ukiwa moto na pesa ipo. Dada hajawahi kuandika hata mmoja. Anasubiri simu ilie.

Pia kuna kazi iliyojileta yenyewe. Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kijichipu cha usalama, na, kwa upande wa Intel, kimsingi prosesa (ubongo wa kompyuta) za kizazi cha 8 kuendelea. Shule na ofisi za Malindi zimejaa mashine za kizazi cha 4 na cha 6. Nyingine zitabadilishwa, nyingine zitahamishiwa Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na kila moja inahitaji mtu wa kukaa nayo. Upande wa pili wa habari hiyo ni mchungu: laptopu kadhaa zilizo kwenye ule ukuta ni za vizazi hivyohivyo, na dada anazilinda kana kwamba bado ni dhahabu. Nilimwambia aziuze sasa, hata kwa bei ya kununulia. Akinuna, nafasi zitakazobaki wazi ndizo zitakazobeba televisheni mbili za mdogo wake.

Kabati la kioo ndilo lililobaki. Hapo mimi niko na mdogo mtu. Simu za lipa mdogo mdogo, akizichukua kama wakala, hazifungi mtaji wa duka: kampuni inaleta simu na mkopo, duka linapata kamisheni, na mteja anayeshindwa kulipa anafungiwa simu na kampuni yenyewe. Dada anahofia kwamba mtu aliyefungiwa simu atakuja kugombana kaunta yao na si huko kwenye kampuni, na hofu hiyo si ya bure. Lakini mwenye simu hukosa chaja, hupasua kioo, hujaza kumbukumbu, na fundi yupo hatua tatu nyuma ya kaunta.

Wamekubaliana kujaribu kabati hilo kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kama kamisheni pamoja na matengenezo ya simu havitalipa kodi ya duka ya miezi hiyo mitatu, dada analirudisha kwa chaja na wino. Kuhusu mikataba ya hoteli hawajakubaliana nani ataivaa shati nzuri akaipeleke.